Je, Wajua? Umri wa Jina la Tovuti, Kutoka Mkange Hadi Google

Je, wajua kwamba kila jina la tovuti lina cheti chake cha kuzaliwa? Kina tarehe mbili: siku lilipoandikishwa na siku litakapokwisha. Aghalabu zote mbili ziko wazi kwa yeyote. Mtu mwenye simu na kifurushi kidogo anazisoma akiwa amekaa barazani.

Je, wajua kwamba tarehe hizo mbili zimewatoa watu wengi fedha mfukoni? Nilikwenda Mkange, kata iliyo katika Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo. Unaiacha barabara kuu ya Chalinze–Segera pale Mandera, unapita Miono, unaendelea kuelekea Saadani baharini. Shangazi yangu ana nyumba ya wageni huko, vyumba vitano na ua wenye miembe. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai ya tangawizi akanipa simu yake: “Hebu nisomee hapa, baba.” Ulikuwa ujumbe wa muuza tovuti mmoja. Alipie jina miaka kumi kwa mkupuo, Google itaona ni mtu wa kuaminika, itampandisha ukurasa wa kwanza. Na kama ana haraka, wanalo jina kongwe la kumuuzia, limeshatimiza miaka kumi na miwili, na Google inapenda majina ya zamani. Shangazi akaniuliza: “Kwani hii Gugo inapanga watu kwa umri, kama baraza la wazee?”

Safu ya leo ni jibu nililompa, pamoja na yale ambayo chai ilipoa kabla sijayasema.

Je, wajua kwamba uvumi huo una mzizi wa kweli? Tarehe 31 Desemba 2003 Google iliwasilisha nchini Marekani ombi la hataza juu ya kupima kurasa za mtandao kwa kuangalia historia yake. Miongoni mwa waliotajwa kuwa wavumbuzi ni Jeffrey Dean, Monika Henzinger na Matt Cutts. Ombi lilichapishwa mwaka 2005, na hataza yenyewe, namba 7,346,839, ikatolewa mwaka 2008. Ndani ya hati hiyo ndefu kuna maelezo mafupi yasemayo kwamba majina yenye thamani mara nyingi hulipiwa miaka kadhaa mbele, ilhali majina ya matapeli ni nadra kutumika zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tarehe ya jina kwisha inaweza kutumika kama dalili mojawapo.

Inaweza. Hataza hulinda wazo lisichukuliwe na mwingine. Haimlazimishi mwenye wazo kulitumia. Lakini wauzaji wa majina waliyachukua maelezo hayo mafupi, wakaliacha lile neno “inaweza”, na zaidi ya miaka ishirini baadaye yamefika hadi Mkange kwa ujumbe wa simu.

Je, wajua Google wenyewe wanasemaje? Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha kupambana na kurasa za ulaghai, alieleza kwa video kwamba jina la miezi sita na jina la mwaka mmoja halitofautiani sana. Mwaka 2019 John Mueller, naye wa Google, alikata shauri kabisa: umri wa jina hausaidii kitu.

Je, wajua kwamba kuna waliosema wamemkamata muongo? Mei 2024 zilivuja nyaraka za ndani za Google zinazoorodhesha maelfu ya taarifa ambazo mitambo yake huhifadhi kuhusu kurasa. Humo kuna kipengele kiitwacho hostAge, yaani umri wa tovuti tangu ilipoonekana, na kuna sehemu ya kuwekea tarehe za usajili. Watu wakashangilia: si mnaona, umri unapimwa! Ila maelezo yaliyo pembeni ya kipengele hicho yanasema kazi yake ni kuziweka kando taka mpya za mtandaoni. Ni karantini. Zamani jahazi lililotoka penye tauni lilizuiwa nje ya bandari mpaka lijulikane halina ugonjwa. Jahazi lililokwisha kukaguliwa liliruhusiwa kutia nanga tu. Halikupewa bei nzuri zaidi sokoni kwa sababu ni kuukuu. Google nao walionya kwamba nyaraka zilizotolewa nje ya muktadha wake zisichukuliwe kuwa ndizo kanuni za kupanga matokeo. Kwa maoni yangu, anayemuuzia mama wa vyumba vitano miaka kumi ya usajili kwa kutegemea kipengele hicho anamdhulumu, na neno dhuluma nalitumia kwa uzito wake wote.

Je, wajua, basi, kwa nini tovuti nyingi zinazoshika nafasi za juu ni za siku nyingi? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kampuni ya Ahrefs ilichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa kurasa zinazojitokeza katika kumi bora za Google. Wastani wa umri wa kurasa hizo ulizidi miaka miwili, na zile za nafasi ya kwanza zilikaribia mitatu. Kati ya kurasa changa, ni asilimia 5.7 tu zilizoingia kumi bora ndani ya mwaka wa kwanza. Ukiishia hapo utasema umri ndio unaopandisha.

Sasa mwulize mkulima wa pwani. Mnazi wetu mrefu huanza kuzaa baada ya miaka sita, pengine minane. Hakuna anayesema nazi zinaletwa na kalenda. Zinaletwa na mizizi, mvua, palizi, na kumwondoa chonga anayetoboa kilele cha mti. Mnazi ulioachwa msituni miaka thelathini na chonga wake unaweza kusimama bila hata kidaka kimoja. Muda ni nafasi tu ambayo mizizi huitumia kushuka.

Mizizi ya tovuti ni viungo, yaani tovuti nyingine zinapoitaja na kuelekeza wasomaji kwake. Larry Page na Sergey Brin waliijengea Google msingi huo Stanford mwaka 1998: ukurasa unaotajwa na kurasa zinazoheshimika nao unastahili heshima. Viungo havipatikani kwa siku moja. Mtalii mmoja ataandika habari za nyumba ya wageni ya shangazi, mwaka unaofuata kampuni ya safari itaiweka kwenye orodha yake, mwaka wa tatu gazeti litaitaja. Miaka ikipita hivyo, mtazamaji wa nje huona umri peke yake, wala haoni watu waliokuja na kusema.

Je, wajua kwamba kumbukumbu ya Google juu ya wanaobofya ina miezi yake? Mwaka 2023, katika kesi ambayo Serikali ya Marekani iliishtaki Google kwa kuhodhi soko la utafutaji, Pandu Nayak wa Google alitoa ushahidi kuhusu mfumo uitwao Navboost, unaotazama watu walibofya nini walipotafuta kitu. Ilielezwa mahakamani kwamba mfumo huo hutumia takwimu za miezi 13. Nilipolisoma hilo nilifurahi kwa niaba ya wadogo wote. Anayewahudumia vizuri wanaomtafuta kwa mwaka mmoja na kidogo amekwisha kuandikwa katika daftari hilo sawasawa na mkongwe.

Je, wajua jina kongwe kuliko yote ya .com? Ni symbolics.com, lililoandikishwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya kutengeneza kompyuta huko Marekani. Biashara ya kampuni ilififia, na mwaka 2009 jina likauzwa kwa mwekezaji anayelitunza kama kumbukumbu. Umri umepita miaka arobaini. Je, umewahi kutafuta jambo lolote likakuletea tovuti hiyo?

Sisi watu wa Bagamoyo tunalo la kwetu la kufananisha. Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ina msikiti wa karne ya 13, mkongwe kupita jengo lolote la Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Lakini mikoko na matope viliijaza bandari yake, vyombo vikaacha kutia nanga, biashara ikahamia jirani. Saadani nayo ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na Bwana Heri aliipigania dhidi ya Wajerumani kati ya mwaka 1888 na 1890. Leo ni kijiji cha wavuvi na wachimba chumvi, na anayefika huko hakuletwa na ukale wa bandari. Amekuja kuona Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopandishwa hadhi mwaka 2005, mahali ambapo twiga na tembo wanaishi mpaka ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Jambo la mwaka 2005 linavuta wageni kuliko bandari ya karne nyingi.

Je, wajua umri wa kikoa chetu? Kikoa ndilo neno la ofisini kwa domeni. Kikoa cha .tz kilikabidhiwa Tanzania mwaka 1995, mwaka uleule Uganda ilipopata .ug, huku Kenya ikiwa imetangulia na .ke mwaka 1993. Kwa hiyo hakuna jina la .tz duniani lenye umri unaozidi huo, hata mmiliki wake aseme nini.

Je, wajua kwamba kikoa cha nchi nzima kinaweza kufa? Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kila aliyekuwa na jina la .zr alianza upya, na umri wake haukumfuata.

Je, wajua kwamba mwisho wa jina una faida ya kweli kuliko umri wake? Google husema wazi kwamba kikoa cha nchi ni ishara nzito kuwa tovuti inawalenga watu wa nchi hiyo. Na chini ya .tz kuna matawi: co.tz ya biashara, or.tz ya asasi, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, go.tz ya Serikali. Lipo pia hotel.tz! Nilipomtajia shangazi hilo la mwisho aliketi wima.

Tuje sasa kwenye kulipia miaka mingi. Je, wajua faida yake halisi? Ni kutosahau. Basi. Majina ya .com yanaruhusiwa kulipiwa hadi miaka 10 kwa pamoja, na mwenye uwezo anaweza kufanya hivyo apate usingizi. Ila hapandishwi hata nafasi moja.

Na usingizi huo una thamani, kwa kuwa waliosahau si wadogo peke yao. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililokuwa likitumika kuingilia Hotmail, na watumiaji wakakwama. Aliyeokoa jahazi ni mtaalamu wa programu, Michael Chaney, aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake siku ya Krismasi. Septemba 2015 Sanmay Ved, aliyewahi kufanya kazi Google, aliona google.com inauzwa kwa dola 12 katika duka la majina la Google yenyewe. Akanunua. Aliimiliki kwa kama dakika moja kabla mauzo hayajafutwa. Google ikamzawadia dola 6,006.13, fedha ambazo tarakimu zake ukizitazama kwa jicho la pembeni zinafanana na jina Google, na aliposema ziende kwenye hisani wakaziongeza maradufu.

Je, wajua jina la .com likiisha muda linapitia wapi? Kwanza msajili anaweza kukupa muhula wa neema, usiozidi siku 45, nao hutofautiana kati ya msajili na msajili. Kisha siku 30 za kukomboa, ambazo gharama yake huuma. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na hapo huna la kufanya. Baada ya hapo jina liko sokoni, na kuna programu zinazokaa macho usiku na mchana kuyadaka majina yenye viungo vizuri.

Hili limenigusa mwenyewe. Kikundi chetu cha vijana tulikuwa na tovuti ya habari za pwani, picha za ngoma, mahojiano na wajenzi wa madau, kazi ya miaka sita. Jina aliliandikisha fundi aliyetutengenezea tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake. Akahama mji, akabadili simu. Ujumbe wa kukumbusha malipo ukawa unamwendea yeye. Siku tulipogundua, jina lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, na mahali penye picha ya mzee wa Kaole akichonga mastamu palikuwa na matangazo ya kamari. Viungo vyote tulivyovipata kwa jasho vilikuwa vinamnenepesha mtu tusiyemjua. Mpaka leo nikikutana na mtu ananiambia anataka tovuti, swali langu la kwanza ni hili: jina litaandikwa kwa nani?

Je, wajua kwamba yaliyotupata sisi yana jina katika sheria za Google? Tangu Machi 2024 kununua jina lililokwisha muda kwa shabaha ya kutumia sifa zake za zamani kupandisha kurasa zisizo na manufaa kumetajwa waziwazi kuwa ulaghai, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Miongoni mwa mifano wanayoitoa ni kamari kuwekwa katika iliyokuwa tovuti ya shule ya msingi. Mwaka huohuo Marekani iligutushwa na The Hairpin, tovuti ya waandishi wanawake iliyofungwa mwaka 2018, ambayo iliibuka ikiwa na mmiliki mpya na makala zilizoandikwa na akili mnemba. Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa shangazi, wenye jina la miaka kumi na miwili. Huenda ni jina safi. Huenda pia ni nguo ya marehemu ambayo hujui alikufa kwa ugonjwa gani.

Je, wajua unaweza kumchunguza marehemu huyo bure? Brewster Kahle alianzisha Internet Archive mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 kila mtu anaweza kufungua Wayback Machine, akaandika jina la tovuti na kuona lilivyokuwa miaka iliyopita. Nilifanya hivyo palepale mbele ya shangazi kwa lile jina alilopigiwa debe. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ukurasa ukashuka taratibu kama pazia: kwanza kichwa cha habari, kisha picha nusu. Lilikuwa duka la vidonge vya kupunguza unene. Shangazi akasoma mstari mmoja kwa sauti, akanyamaza, akairudisha simu mezani uso ukitazama chini.

Je, wajua kwamba anayetafuta malazi ya karibu hapangiwi kwa umri wa jina? Kwa utafutaji wa mahali, Google inataja mambo matatu: huduma yako inaendana vipi na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani, pamoja na maoni ya wateja. Nyumba ya wageni inaweza kuandikishwa kwenye ramani ya Google bila kulipa senti, hata kabla ya kuwa na tovuti. Tulianza na hilo. Tukapiga picha chumba kimoja chandarua kikiwa kimefungwa vizuri, ndoo ya maji imejaa, na mwembe unaonekana dirishani. Tukaandika bei na njia ya kufika, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Na kuna sababu ya kufanya hivyo sasa. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga inapita Mkange. Jina la Mkange limo katika mikataba ya ujenzi, kipande cha Mkange–Mkwaja–Tungamaa cha kilomita 95.2, na mbele yake daraja la Pangani lenye urefu wa mita 525. Dereva anayetoka Tanga usiku akitafuta mahali pa kulala hatauliza jina liliandikishwa mwaka gani. Atatazama kama kuna picha, kama simu inapokelewa, kama aliyelala juzi alisema kitanda kilikuwa safi.

Shangazi aliandikisha jina lake la hotel.tz kwa miaka miwili, kwa jina lake mwenyewe, barua pepe yake, na namba ya simu aliyonayo tangu binti yake azaliwe. Risiti ilipoingia alinyanyuka, akachukua kipande cha chaki, akaenda nyuma ya mlango wa stoo ambako huandika hesabu zake. Chini ya magunia ya mkaa na deni la muuza samaki akaandika siku, mwezi na mwaka ambao jina litakwisha, halafu chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: KULIPA MWEZI KABLA.